Idi za Watoto wa Dobi

Sikumbuki kutoka jasho darasani kama siku ile mwalimu alipoandika ubaoni neno moja fupi: robe. Na mimi si mtu wa kutoka jasho ovyo. Nimekulia Satwa, huku kwa Waarabu, nyuma ya duka la dobi, katika mvuke ambao shetani mwenyewe angeomba apepewe.

Yalikuwa masomo ya jioni, ya sisi watu wa mahoteli na walinzi wa majengo, tunaofika darasani tumechoka kama tuliosukuma mnara kutwa nzima. Tulikuwa tunajifunza Kifaransa cha kupokelea wageni. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kireno, mzaliwa wa Maputo, na alikuwa na mapenzi na maneno kama wenzake walivyo na mapenzi na dhahabu. Akilishika neno moja alilizungusha Ulaya nzima, akalirudisha darasani limevaa kofia nyingine.

"Kwa Mfaransa," akasema, "robe ni gauni. Kwa Mwingereza ni joho, la hakimu au la mfalme, au lile jeupe mnalotundika bafuni hotelini kwenu na wageni wakaondoka nalo. Mhispania akisema ropa anakusudia nguo zote, hata soksi. Sisi Wareno tunasema roupa, na ni vivyo hivyo. Lakini Mwitaliano! Mwitaliano akisema roba, basi ni vitu tu, masufuria, mizigo, makorokoro yote ya kabatini."

"Na Mjerumani je?" akauliza Kiprono, Mkenya wa Kericho aliyekuwa akilinda jengo moja kule Jumeirah Village Circle.

"Mjerumani ndiye aliyetoboa siri. Kwake Raub ni unyang'anyi."

Akatueleza kwamba neno lilianza huko kwa makabila ya kale ya Kijerumani, na maana yake ilikuwa nyara, kile unachomvua mtu uliyemshinda. Zamani hizo nguo ilikuwa mali, na aliyelala chini hakuwa na cha thamani zaidi ya alichokivaa. Neno likasafiri pamoja na wenye mikono mirefu. Huku watu wakasahau wizi wakabakiwa na nguo, kule wakasahau nguo wakabakiwa na vitu, na Mjerumani akabakiwa na wizi mtupu.

"Wacha!" akasema Kiprono. "Kwa hivyo hizo gauni zote za Paris ni ushahidi? Si zipelekwe polisi!"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, maana kicheko changu nikikiachia hapa wanakisikia Sharjah. Lakini mgongo ulikuwa umelowa. Neno lile nilikuwa nimeshalisikia, miaka mingi kabla sijajua Kifaransa ni mnyama gani. Alilisema mtoto mwenzangu, tena na tena, akininyooshea kidole mbele ya watu wazima waliojaa ukumbi.

Basi niseme tulivyokuwa.

Baba alitoka Unguja na pasi yake, na nikisema pasi sikusudii ile ya kusafiria. Alikuwa fundi wa kufua na kupiga pasi, na duka letu lilikuwa chumba kimoja chembamba kati ya fundi cherehani na gereji. Sisi tuliishi nyuma yake. Leseni ya duka ilikuwa ya arbab, bwana mmoja mwenyeji ambaye sura yake niliiona mara chache kuliko mvua. Lakini jina lake lilikuwa ndani ya kila sentensi ya Baba: arbab akikasirika, arbab akisikia, arbab akitaka. Nilimdhania ni aina ya hali ya hewa. Nilijua jambo moja tu, kwamba arbab akiondoa mkono wake, viza inakwenda, na sisi sote tunapanda ndege kurudi kwa bibi, ambako Baba alikuwa ameshauza kila kitu.

Nguo za Jumeirah nzima zilipita kwetu, kwani ni kuvuka barabara tu. Kila nguo Baba aliitia alama yake ndani ya kola kwa wino usiotoka: nyumba hii nukta na mkasi, nyumba ile mwezi, nyumba ya tatu samaki. Hakuwahi kupoteza hata kitambaa cha pua. Watu wakisema dobi mwaminifu, walimsema Baba.

Na kila Idi, wallahi, hapakuwa na watoto Satwa waliovaa kama mimi na mdogo wangu. Wenzetu walivaa nguo za sokoni zenye utepe wa kumeremeta. Sisi tulivaa vitu vilivyotulia, vitambaa ambavyo ukivigusa unahisi umeomba radhi. Mwaka huu mahameli, mwaka ule kitani. Jua likikaribia kuzama Baba alituita, tukavuliwa, akaikagua kila nguo mshono kwa mshono, na asubuhi ya pili haikuwepo.

"Zimekwenda wapi, Baba?"

"Zimekwenda kwa wenyewe."

Wenyewe gani? Nilikaa nikafikiri, na kwa kuwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alikuwa ametufundisha zaka na sadaka, nikapata jibu. Wenyewe ni maskini! Sisi ni matajiri wa ajabu, tunavaa nguo mara moja tu kisha tunazitoa sadaka. Tunaishi nyuma ya duka kwa unyenyekevu. Kila kitu kikaingia mahali pake. Mama alitukataza kukaa chini na nguo za Idi, nikasema ndivyo wanavyofanya matajiri. Alitufunika shuka mpaka shingoni wakati wa kula, kama wagonjwa, nikasema ndiyo adabu zao. Wenzetu wote walifukizwa udi, sisi tukakatazwa hata tone la mafuta mazuri, na nilipouliza Mama alisema, "Mwili safi unanukia wenyewe." Nikalishika neno hilo nikalihubiri chuoni kama hadithi sahihi.

"Sisi nguo ya Idi haturudii," niliwaambia wenzangu. "Tunawapa maskini."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Baba hataki kujionyesha ndiyo maana anafua."

Waliniamini. Mtoto akisema uongo anajikwaa, lakini mimi nilikuwa nasema ninachokijua.

Mama hakuipenda kazi ile hata siku moja. Nilimsikia akimwambia Baba, "Nguo ya kuazima haisitiri matako," na Baba akamjibu, "Mzungu hana Idi, mke wangu. Amesafiri, nguo imetundikwa, inamngoja. Mimi naitembeza siku moja, nairudishia maji na pasi. Nimekula nini cha mtu?" Alikotoka yeye, alisema, dobi gani hakupeleka koti la mteja harusini? Ilikuwa kama haki ya mkono unaofua. Niliyasikia yote hayo na sikuelewa hata moja, kwani masikio yangu yalikuwa yameshajaa utajiri.

Mwaka ninaousema nilivalishwa gauni la rangi ya limau bichi, kola nyeupe, na kwenye kola yamedariziwa matunda madogo mekundu ambayo nilikuwa sijawahi kuyala wala kuyaona. Chuo chetu kilialikwa kughani kasida kwa Bi Zuhura, mama wa Kiunguja mwenye jumba Al Warqa, ambaye mumewe alikuwa mkubwa katika ofisi fulani. Baba alijua nakwenda kasida. Hakujua nyumba gani, na hakuuliza, kwani kasida za Idi zilikuwa hapo hapo Satwa siku zote.

Tulighani vizuri, dufu zikalia, kina mama wakapiga vigelegele vya kupasua vioo. Kisha likaja biriani, masinia ya kulisha kikosi, na watoto wote wakakaa chini kwenye mikeka. Mimi sikukaa. Nilijua sheria ya nguo za Idi. Nikasimama peke yangu katikati ya ukumbi kama mnara wa simu.

"Kaa mwanangu, ule," akasema Bi Zuhura.

"Nimeshiba, Bi Zuhura," nikasema, na tumbo likanguruma kunisuta.

Ni kwa ajili ya kusimama kule ndiyo nikaonekana. Kulikuwa na wageni wawili wa Kizungu wamekaa kwenye kochi, mama na binti yake, wamealikwa kwa ajili ya kazi ya mume wa Bi Zuhura. Binti alikuwa rika langu. Aliniangalia, akaacha kijiko, akainuka. Akanijia mpaka karibu, akaninyooshea kidole kifuani, akasema maneno ambayo ndani yake nilishika moja tu. Robe. Akamgeukia mamaye akalirudia. Robe. Sauti ikapanda, macho yakalowa.

Sikushtuka. Ndiyo aibu yenyewe inayonitoa jasho mpaka leo, kwamba sikushtuka hata kidogo. Nilimtazama mtoto yule, kigauni chake cha pamba kisicho na nakshi, viatu vyake vya wazi, nywele hazikusukwa, nikaelewa papo hapo. Huyu ni maskini wetu! Kumbe ndio hawa wanaopelekewa! Amezoea kuletewa kesho yake, leo ameliona gauni amekosa subira.

Nikamwonea huruma. Nikageuka kwa Bi Zuhura, nikasema kwa sauti ya mtu aliyelelewa vyema, ukumbi mzima unasikia, "Mwambieni asilie, Bi Zuhura. Kesho ataletewa. Nikishavaa mimi, Baba huwapa maskini."

Matonge yakasimama nusu ya njia kwenda vinywani. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Makubwa haya!" Na mwingine, polepole, "Huyu si mtoto wa dobi wa Satwa?"

Mama wa Kizungu alikuwa ameshafika. Hakunivuta wala hakunikaripia. Vidole vyake vilikuwa baridi shingoni mwangu alipopindua kola. Akaitazama alama ya Baba, samaki mdogo wa wino mweusi, aliyekuwa kwenye kila shati na kila shuka ya nyumba yake. Akairudisha kola chini akailaza kwa kiganja, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe watoto.

Bi Zuhura akanishika mkono akanipeleka chumbani. Alinivua gauni, akanifunga kanga yake kifuani, akalikunja gauni bila kunitazama.

"Baba yako anajua umekuja kwangu?"

"Anajua nimekwenda kasida."

"Bas. Usilie."

"Silii, Bi Zuhura. Lakini kwa nini mmenivua? Siku haijaisha. Huyo maskini hawezi kungoja?"

Akajiziba mdomo kwa upande wa mtandio. Sikujua anacheka au vipi. Mabega yake yalitikisika, na alipoondoa mtandio macho yalikuwa mekundu.

"Hakuna maskini, mwanangu," akasema. "Lile gauni ni la yule mtoto. Lake mwenyewe. Baba yako amepewa afue."

Ndipo nilipopata baridi. Idi zote zikanirudia pale, mahameli, kitani, shuka za kulia, mwili safi unanukia wenyewe. Nikataka kukaa chini, na mara ya kwanza siku ile hapakuwa na cha kunizuia, nikakaa juu ya zulia la Bi Zuhura na kanga yake, nikalia mpaka watu wa Al Warqa nadhani waliangalia mabomba yao kama yamepasuka.

Baba alikuwa anapiga pasi nilipoteremka kwenye gari la Bi Zuhura, gauni limetiwa mfukoni ili yeye mwenyewe alirudishe limefuliwa, duka likiwa limefunguliwa kwa wateja wa dharura. Aliona kanga, akaona mfuko mkononi mwangu. Aliniangalia, na pasi ikasimama. Mtu ambaye hakuwahi kuunguza hata uzi aliiacha pasi juu ya shati jeupe la mtu mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua ikatufikia sote wawili.

"Nani alikuwepo?"

Nikamwambia. Na maneno yangu nikamwambia, yale ya maskini. Akafumba macho.

"Kasema atakwenda kwa arbab?"

"Sijui, Baba. Hakusema kitu."

Mama alikuwa ametokeza mlango wa nyuma. Nilidhani atasema, nilikwambia mimi. Badala yake alichukua lile shati lililoungua akaliangalia, akaanza kuzikusanya nguo zetu wenyewe kutoka kambani, moja moja, akazikunja vizuri mno, kama za kutia kwenye sanduku. Nikaelewa kwamba anatuweka tayari kwa ndege.

Asubuhi Baba alilifua gauni lile kwa mkono, akalisuuza, akalifua tena. Akalitia wanga, akalipiga pasi mpaka matunda ya kwenye kola yakasimama kama yanataka kuchumwa. Kisha akaniambia nivae nguo za skuli. Kiingereza chake kilikuwa cha bei na siku, kesho na keshokutwa. Cha kuomba radhi hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho.

Tulivuka barabara kwa miguu, gauni kwenye hanga, yeye amelinyanyua juu lisiguse kitu. Mama yule alifungua mlango wa jikoni mwenyewe. Baba akavua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi mbele ya mwanamke asiye wa kwetu, na sikuwa nimejua kwamba ameota upara.

"Mwambie nimekosa," akasema.

Nikasema.

"Mwambie hakuna kilichopotea wala kilichochanika. Na asinisamehe kwa ajili yangu, anisamehe kwa ajili yenu."

Nikasema, ila ile ya mwisho ilitoka vipande vipande. Mama yule alinisikiliza mimi, na macho yake yalikuwa kwa Baba. Akauliza, "Ni mara ngapi?"

Kabla sijafungua kinywa Baba akajibu kwa Kiingereza chake, kwani hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo. "Kila Idi, madam."

Mama yule akasema hatampigia mtu yeyote simu. Tumemfulia tangu alipofika nchi hii, na hana haja ya kumharibia mtu riziki. Kuanzia sasa watafua nyumbani, basi. Nilipomfasiria Baba, nilimwona bega lake moja likishuka, kisha la pili, kama aliyetuliwa gunia. Hatuendi. Tunabaki. Alishukuru kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na akamnyooshea gauni.

Mama yule hakulipokea.

"Mpe mtoto wako," akasema.

Moyo wangu, na hapa sizidishi chumvi, uliruka. Nikafasiri haraka. Baba akatikisa kichwa. "La, la. Mwambie ni la binti yake. Nimemletea."

Nikasema. Mama yule akashusha sauti, akawa mpole zaidi, na upole ule ndio uliotuumiza. "Hatalivaa tena," akasema. "Nimejaribu kumwambia. Hataki."

"Anasemaje?"

"Anasema hatalivaa tena, Baba."

"Mwambie nimelifua."

"Anajua, Baba."

"Mwambie nimelifua mara mbili. Mwambie limetakata."

Nikageuka. Nilikuwa nimevaa sare ya skuli, soksi zangu mwenyewe, mikono yangu mwenyewe nimeifumbata nyuma, na nikamwambia mwanamke yule kwa Kiingereza sahihi kabisa, Kiingereza cha mtoto wa kwanza darasani, kwamba baba yangu anasema ni safi.

"Najua ni safi," akasema.

Mbele ya hilo Baba hakuwa na sabuni. Nilimwona akilitafuta jibu usoni mwangu, halafu kwenye gauni, akaipindua kola akaikagua kana kwamba kuna doa limempita. Kisha akavaa kofia, akaaga.

Chuoni walikuwa wakiniuliza, "Maskini wako hajambo?" wakacheka mpaka wakachoka, na watoto huchoka upesi kuliko wakubwa. Wakubwa walipunguza kuleta nguo. Si wote, na Bi Zuhura alianza kuleta za kwake kutoka Al Warqa, mwendo wote ule, akipita madobi wengine njiani kama hakuwaona. Tuliishi. Idi iliyofuata tulivaa nguo za sokoni zenye utepe wa kumeremeta.

Gauni lile Baba hakunipa, nami sikuliomba. Alilitundika dukani mbele, kwenye kamba ya nguo zilizo tayari, na kila Ijumaa alilishusha, akalipiga pasi, akalirudisha. Mimi nikarefuka mpaka lisingenitosha hata mkono mmoja, na mwenyewe lazima alikuwa amerefuka pia, huko aliko. Wateja wapya walilipenda. Mmoja alitaka kulinunua kwa ajili ya mjukuu wake, akauliza ni la nani.

"La mtu," Baba akamwambia. "Atakuja kulichukua."